Bahasha Usiifungue: Maswali Yenu Kuhusu Kufundisha Shule za Jeshi la Marekani Ng'ambo

Mwezi uliopita nilitaja kwa mstari mmoja tu, nikizungumzia jambo jingine kabisa, kwamba nilifundisha sayansi miaka 16 kwenye shule za kambi za jeshi la Marekani, kwanza Ujerumani, halafu Okinawa, Japani. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko chochote nilichoandika humu mwaka mzima. Basi leo nidhamu ya darasani na hofu ya mitihani vikae pembeni, tuyajibu haya.

Kwa asiyezijua shule hizi: zinaendeshwa na DoDEA, idara ya elimu iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, yenye makao yake Alexandria, Virginia. Zilianza mwaka 1946, familia za wanajeshi zilipowafuata watu wao Ujerumani na Japani baada ya vita. Leo ni takriban 160, nyingine zikiwa ndani ya Marekani yenyewe na zilizobaki zikiwa kwenye nchi kama Ujerumani, Italia, Uhispania, Ubelgiji, Uingereza, Uturuki, Bahrain, Korea Kusini na Japani. Hata Guantanamo, Cuba, kuna shule. Wanafunzi ni watoto wa wanajeshi na wa raia wanaoifanyia kazi wizara hiyo. Walimu ni raia watupu. Hatuvai magwanda wala hatupigi saluti, ingawa mzee mmoja wa ukoo wangu alikufa akiamini nilikuwa askari, na nilichoka kumsahihisha.

Shikamoo Mwalimu. Niko Minnesota, nina grini kadi mwaka wa tatu sasa, na nafundisha hisabati kwenye shule ya wilaya. Rafiki yangu anasema kadi inatosha kwa kuwa ni kazi ya serikali ya nchi ninayoishi. Naweza kuomba?

Marahaba mwanangu. Hapana, bado. Kwa nafasi za kudumu za ualimu ng'ambo wanataka raia wa Marekani, na rafiki yako amechanganya mambo mawili. Grini kadi inakuruhusu kuajiriwa na wilaya yako, lakini haikupi kazi ya serikali kuu ya aina hii. Kwa kawaida unaomba uraia ukitimiza miaka 5 na kadi, au 3 ikiwa umeolewa na raia na mnaishi pamoja. Fomu ya N-400 unaweza kuituma siku 90 kabla ya kutimiza muda. Hesabu vizuri, ukiwahi hata kwa siku chache wanakurudishia.

Usijaze ombi la kazi ukiwa unategemea kuapishwa "hivi karibuni". Nilimwona mwenzetu mmoja akifanya hivyo. Kiapo kilisogezwa miezi minne, na nafasi ikapewa mwingine. Tumia muda huu kuzidisha miaka darasani. Mwalimu wa hisabati mwenye uzoefu hachuji. Mwaka utakaoapishwa bado watakuwa wanamtafuta.

Nina barua nyingine mbili za walimu walio Dodoma na Eldoret wanaouliza swali hilohilo. Jibu ni lile lile, na samahani kuwavunja moyo.

Mwalimu, nina shahada ya ualimu niliyoipata Afrika Mashariki, na sasa ni raia. Nimeajiriwa Texas miaka 6 na nina leseni ya jimbo. Je, shahada yangu itakubalika, au nirudi chuo?

Usirudi chuo kabla hujaambiwa na mtu mwenye mamlaka ya kukuambia. Hapa ndipo watu wetu wengi hupoteza fedha.

Shahada ya nje ya Marekani inatakiwa itathminiwe na taasisi inayotambulika, na nyingi ya hizo ziko chini ya mwavuli wa NACES, chama cha taasisi hizo. Agiza tathmini ya somo kwa somo, si ile ya bei nafuu inayosema tu kwamba shahada yako ni sawa na ya Marekani. Sababu ni hii: DoDEA haiajiri "mwalimu" kwa jumla. Inaajiri kwa makundi. Kila somo na kila ngazi ina kundi lake, na kila kundi lina idadi ya saa za muhula za masomo ya chuo ambazo lazima zionekane kwenye karatasi zako. Ikiwa ulisoma kemia miaka mitatu lakini tathmini yako imeandika "Sayansi, mwaka wa 1, wa 2, wa 3", afisa anayekagua hana namna ya kukuhesabia. Hatakupigia simu kukuuliza. Atakuweka kwenye kundi unalostahili kwa alichokiona, au hatakuweka popote.

Mimi vyeti vyangu vilikuwa na somo lililoandikwa kwa kifupi cha herufi tatu ambacho hata mimi nilisahau maana yake. Nililazimika kuandikia chuo nilichosoma, nikaomba muhtasari wa kozi. Ilinichukua miezi saba, barua tatu, na binamu mmoja aliyekwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya msajili hadi wakamchoka. Alirudi na karatasi 11 zenye muhuri. Hizo karatasi 11 ndizo zilizonipa kazi, na binamu bado ananikumbusha kila arusi.

Leseni yako ya Texas itakusaidia sana, hasa ikiwa ni kamili na si ya muda. Weka pia tayari alama za Praxis, ule mtihani wa leseni ya ualimu, au za mtihani wa jimbo lako unaolingana nao, pamoja na uthibitisho wa mazoezi ya kufundisha au wa ajira yako.

Halafu sikiliza hili kwa makini. Chuo kikikutumia nakala rasmi ya matokeo kwa posta, ndani ya bahasha iliyobandikwa na kupigwa muhuri mgongoni, USIIFUNGUE. Najua. Ina jina lako, imekuja nyumbani kwako, na mkono unawasha. Mimi niliifungua. Nilikuwa nimesimama jikoni na kisu cha siagi, nikapitisha chini ya ule muhuri taratibu kama mtu anayemenya embe, nikazisoma alama zangu, nikafurahi. Jioni rafiki yangu akaniuliza bahasha iko wapi. Ilikuwa imeshakuwa karatasi ya kawaida. Nikaagiza nyingine, nikalipa tena, nikasubiri tena. Siku hizi vyuo vingi hutuma kwa njia ya kielektroniki moja kwa moja, na ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua hiyo.

Nimejaza maombi tangu Oktoba. Mfumo unaonyesha faili langu limekamilika. Sasa ni Machi na hakuna hata barua pepe. Ndiyo nimekataliwa?

Hujakataliwa. Upo kwenye foleni ambayo huioni.

Kabla hawajawagusa waombaji wapya, walimu walio ndani tayari hupewa nafasi ya kuhama. Aliyeko Korea anataka Italia, wa Italia anataka Uhispania, na mtu wa Bahrain anataka kwenda popote penye mvua. Wakishapangwa hao, ndipo yanapoonekana mashimo yaliyobaki, na mashimo hayo ndiyo yenu. Ofa za wageni huanza kuja majira ya machipuko na kuendelea mpaka Agosti, nyingine shule zikiwa zimekaribia kabisa kufunguliwa. Yangu ya kwanza ilikuja wiki ya pili ya Julai. Nilikuwa nimeshasaini mwaka mwingine na wilaya yangu, ikabidi niende kumwangukia mkuu wa shule. Soma mkataba wako wa sasa ujue unaruhusiwa kutoka mpaka tarehe gani, na ukitoka baadaye leseni yako inaguswa au haiguswi. Majimbo yanatofautiana sana hapo.

Wakati unasubiri, fanya haya. Ingia kwenye mfumo mara kwa mara, uhakikishe namba ya simu na barua pepe ni zile unazotumia. Wajulishe wadhamini wako kwamba wataandikiwa, kwa sababu ombi linaweza kulala kwa ajili ya mdhamini mmoja aliyedhani ile barua pepe ni ya matapeli. Na simu ikiita namba usiyoijua, pokea. Mara nyingi muda wa kujibu ofa ni mfupi, siku chache tu. Hiyo si siku ya kuanza kumuuliza mumeo anaionaje Japani.

Naweza kuchagua nchi? Mimi nataka Italia au Uhispania tu. Sitaki Asia.

Unaruhusiwa kuonyesha unakopendelea, na ukiandika maeneo mawili tu watakuheshimu. Watakuita nafasi ya kundi lako ikitokea kwenye maeneo hayo mawili, ambako kila mwalimu mwenye macho anataka kwenda. Mwalimu wa darasa la tatu anayetaka Italia peke yake anaweza kusubiri hadi meno yang'oke. Mwalimu wa elimu maalumu au wa fizikia ana bahati zaidi.

Anayejiweka tayari kwenda popote duniani ndiye anayeajiriwa upesi. Na hata huyo anayechagua, akishaajiriwa anasaini mkataba wa kukubali kuhamishwa: shule ikifungwa au wanafunzi wakipungua, wanaweza kukupangia kwingine. Si karatasi ya mapambo. Kambi hufungwa. Huko Ujerumani nilikuta majengo ya shule nzima yakiwa tupu, magoli ya mpira yamesimama kwenye nyasi zilizofika magotini, kwa sababu vikosi vilikuwa vimeondoka na watoto wao.

Mimi niliomba Ulaya tu, nikapewa Ulaya baada ya miaka miwili ya kungoja. Okinawa sikuiomba, nilihamia kwa shingo upande baada ya nafasi yangu kupunguzwa. Nilikaa huko miaka 9. Dada yangu, Asia unayoikataa hujaiona.

Mwalimu, tuambie ukweli wa mshahara. Wengine wanasema mnalipwa maradufu na nyumba mnapewa bure, na kodi hamlipi.

Uongo mara mbili, na nusu ukweli mmoja.

Mshahara haulipwi maradufu. Sheria ya mwaka 1959, iliyorekebishwa mwaka 1966, inasema walimu wa ng'ambo walipwe kwa kulinganisha na wastani wa miji ya Marekani yenye watu 100,000 au zaidi. Kwa hiyo anayetoka jimbo linalolipa walimu vibaya ataona amepanda, na anayetoka jimbo linalolipa vizuri anaweza kujikuta ameshuka. Jedwali la mishahara liko wazi kwa kila mtu kulitazama: unashuka safu kwa miaka ya kazi na kwenda kulia kwa elimu, kutoka shahada ya kwanza, kupitia saa za ziada za masomo, uzamili, mpaka uzamivu. Kama una uzamili, hakikisha umeonekana kwenye faili kabla hujaanza kazi.

Nyumba ndiyo nusu. Aliyeajiriwa kutoka Marekani kwa kawaida hupewa ama nyumba ya serikali au posho ya nyumba, ile tunayoiita LQA, inayofidia kodi ya pango, umeme, maji na joto mpaka kiwango fulani. Kiwango kinategemea mahali, ngazi yako na ukubwa wa familia. Ukipanga jumba la kifahari, kinachozidi ni chako. Ukifika kuna pia posho ya makazi ya muda unapotafuta nyumba, na nchi zenye maisha ghali kuna posho ya kupunguza makali. Mizigo yako wanaisafirisha, hadi pauni 18,000 kwa kiwango cha juu cha serikali, ingawa vituo vinavyotoa fanicha hupunguza uzito huo. Unaruhusiwa kununua kwenye maduka ya kambini na kutumia posta ya jeshi, yaani barua kutoka Marekani inakufikia kwa gharama ya ndani ya nchi.

Kodi? Unalipa. Huu ndio uongo unaowaingiza watu matatani. Raia wa Marekani anayeifanyia kazi kampuni binafsi ng'ambo anaweza kusamehewa kodi ya serikali kuu kwenye sehemu ya mapato yake. Mfanyakazi wa serikali ya Marekani hana msamaha huo. Posho ya nyumba haikatwi kodi, mshahara unakatwa kama kawaida. Ya jimbo inategemea jimbo lako la makazi, na hapo tafuta mhasibu, usiniulize mimi.

Nyumba nikuonye kidogo. Ujerumani ukipanga nje ya kambi, unaweza kuonyeshwa nyumba nzuri, ukafungua mlango wa jikoni ukakuta mabomba mawili yametokeza ukutani na sakafu. Hakuna kabati, hakuna sinki. Mpangaji aliyetoka ameondoka navyo. Taa pia: waya umening'inia darini kama mkia wa panya. Mwenye nyumba wangu alinitazama nilivyoshtuka akadhani namdharau. Waulize wenzako kambini kuhusu nyumba zenye jiko lililojengewa, na uone ofisi ya makazi kabla hujasaini chochote. Na mashine zako za umeme za Marekani ziache. Ujerumani umeme ni volti 230, nyumbani ulizoea 120. Mashine yangu ya kusagia kahawa iliishi sekunde tatu.

Dada yangu ameolewa na mwanajeshi, wako Vicenza, Italia. Mimi ni raia na mwalimu mwenye leseni. Ananiambia nije nikae kwao, niombe kazi nikiwa hukohuko, maana walimu wanahitajika. Nimeshaanza kuuza vitu. Nifanyeje?

Acha kuuza vitu. Kama kitanda bado kipo, kilalie.

Dada yako ana nia njema, na kwa upande mmoja hajakosea. Wapo wanaoajiriwa wakiwa palepale. Lakini wengi wao ni kama yeye, wake na waume wa wanajeshi, na kwao kuna hata upendeleo maalumu kwenye ajira. Tayari wana nyumba kupitia mwenzi wao na wana hadhi ya kisheria nchini humo kupitia mkataba wa majeshi ulio kati ya Marekani na nchi hiyo. Wewe ni shemeji wa mwanajeshi. Ukishuka ndege Italia wewe ni mtalii, na mtalii wa Marekani katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, ana siku 90 ndani ya kila siku 180.

Tuseme bahati imekuangukia na wamekuajiri ukiwa huko. Utaitwa mwajiriwa wa papo hapo, na huyo kwa kawaida hapati posho ya nyumba wala gharama za kusafirishwa mizigo kutoka Marekani. Mwenzako wa mlango wa pili, mwenye shahada ileile na miaka ileile, aliyepokea simu akiwa Ohio, analipiwa pango. Wewe unalipa kwa mshahara wako. Hesabu tofauti hiyo kwa miaka 10.

Nilifanya kazi na mama mmoja aliyefuata njia hiyo. Mwalimu hodari kuliko mimi, na ninalisema bila unyenyekevu wa uongo. Alikuwa akipanga chumba juu ya duka la kutengeneza baiskeli na kila mwezi alikuwa anaandika rufaa ya kuomba posho. Faili la rufaa zake lilikuwa nene kuliko kitabu changu cha biolojia. Hakuna hata moja iliyokubaliwa.

Kwa hiyo omba ukiwa nyumbani kwako Marekani, anwani ikiwa ya Marekani. Nenda Vicenza kumsalimia dada, ule, ulale, urudi.

Wakishanipa ofa, kuna nini tena kabla ya kusafiri? Nina kisukari cha kudhibitiwa kwa vidonge na mtoto mmoja mwenye usonji.

Ofa ya kwanza huwa ya masharti. Kuna uchunguzi wa historia yako pamoja na alama za vidole, kuna uchunguzi wa afya, na kuna pasipoti ya kazi ambayo serikali hutoa bila malipo kwako na kwa wategemezi wako walioandikwa kwenye amri ya safari. Ile amri ya safari ndiyo kila kitu. Usinunue tiketi, usimwite mtu wa kupakia mizigo, usiuze gari kabla hujaishika mkononi.

Kisukari chako kwa peke yake si mwisho wa habari. Kinachoangaliwa ni kama mahali unapopelekwa kuna huduma unayohitaji. Kambi kubwa za Ujerumani ziko karibu na hospitali nzuri. Kituo kidogo ni jambo jingine. Na elewa kwamba sisi raia kwenye zahanati za jeshi tunahudumiwa nafasi ikiwepo, na tunalipia. Mara nyingi utakwenda kwa daktari wa mjini, ulipe kwanza, kisha uidai bima. Weka akiba ya kulipia huko mbele kabla bima haijarudisha.

Kuhusu mwanao, sema ukweli wote mapema, na kwa maandishi. Shule hizi zina walimu wa elimu maalumu, lakini si kila kituo kina kila mtaalamu. Mzazi anayeficha ili asikose nafasi humfikisha mtoto mahali ambapo hakuna mtu wa kumsaidia kuongea. Uliza: mtaalamu wa matamshi yupo shuleni siku ngapi kwa wiki? Yuko mmoja kwa shule ngapi? Jibu la maswali hayo mawili lina maana kuliko picha zote za ufukweni watakazokutumia.

Watoto wa kambini wakoje? Nasikia wana nidhamu ya kijeshi.

Baba zao na mama zao wanayo. Wao ni watoto.

Kwa masomo ni wazuri. Katika mtihani wa taifa wa NAEP wa mwaka 2022, na tena wa 2024, wanafunzi wa shule hizi wa darasa la nne na la nane waliongoza nchi nzima kwa kusoma na kwa hisabati. Usifikiri ni kwa sababu hakuna matatizo. Angalau mzazi mmoja ana kazi, familia ina nyumba na matibabu, na mtoto akihama Korea kwenda Ujerumani anakuta mtaala uleule. Hilo la mwisho ni kubwa, kwa sababu mtoto wa mwanajeshi huhama mara 6 mpaka 9 kabla ya kumaliza sekondari.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la saba, Okinawa. Kila mtoto aliandika jina kwenye karatasi ya rangi na kuibandika kwenye kabati lake. Lake lilibaki tupu mpaka Novemba. Nikamuuliza. Akanijibu kwa adabu kabisa, kama mtu anayenieleza ratiba ya basi: "Tunaondoka Juni, Mwalimu. Gundi inachafua rangi, na mwingine atakuja." Nilimwambia gundi nitaikwangua mimi. Akaandika jina. Juni nikakwangua.

Darasa unalolipokea Agosti silo utakalolikabidhi mwisho wa mwaka. Mwaka mmoja nilianza na watoto 24 na nikamaliza na 24, na kati yao 9 walikuwa wageni kabisa. Jifunze kupokea mtoto Jumanne katikati ya somo la umeme, na kumuaga mwingine Ijumaa, bila somo kusimama.

Na kuna mambo ya kambini ambayo hakuna atakayekufundisha. Jioni bendera inaposhushwa, muziki hupigwa kwenye vipaza sauti na kila kitu husimama. Anayetembea anasimama, anayeendesha anasimamisha gari. Wiki yangu ya kwanza Okinawa nilikuwa nyuma ya gari lililosimama ghafla katikati ya barabara, nikapiga honi. Nikapiga tena. Dereva hakugeuka hata shingo. Ulipokwisha wimbo wa Marekani, ukafuata wa Japani, ndipo nilipoelewa ninachokifanya. Yule dereva alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu. Alinisubiri mpaka siku ya wazazi kuniambia.

Kuna wakala ameniambia atanitafutia nafasi DoDEA kwa dola 350, na nyingine 350 nikipata. Ni halali?

Maombi ni bure. Unajaza mwenyewe kwenye tovuti yao rasmi, ambayo anwani yake inaishia na .edu, na nafasi nyingine za serikali kuu hutangazwa USAJOBS. Huyo wakala hana mlango mwingine wa kupitia. Mwambie akukopeshe hizo 350 uagizie tathmini ya vyeti.

Swali dogo, usinicheke: nina mbwa. Nikipangiwa Japani naweza kwenda naye?

Sikucheki, nilikwenda na wangu. Kutoka bara la Marekani, Japani inataka mbwa awe na kidude cha utambulisho chini ya ngozi kwanza, halafu chanjo mbili za kichaa cha mbwa, halafu kipimo cha damu kuthibitisha chanjo imeshika. Kuanzia siku damu ilipotolewa unahesabu siku 180 kabla hajaingia nchini, la sivyo atakaa karantini siku zilizobaki. Mpangilio ukivurugika, chanjo ikitangulia kidude, unaanza upya.

Sasa rudi juu usome nilipoandika kwamba ofa huweza kuja Julai na shule kufunguliwa Agosti. Mpigie simu daktari wa mifugo wiki hii, hata kama maombi yako bado hujayatuma. Na ile hati ya damu ikija kwenye bahasha yenye muhuri, unajua la kufanya.